Jinsi ya kutafuta alama zilizopotea za bichi ya kwenu: anza na maji

Mwaka wa 2021 nilisimama na dani yangu (nyanya) kando ya Ziwa Victoria upande wa Karachuonyo, nikamuuliza lile duka la Mhindi alilonisimulia tangu nikiwa mtoto lilikuwa wapi hasa. Akanyoosha mkono akaonyesha maji. Na si pale ukingoni, ni ndani kabisa, mahali mitumbwi ya omena ilikuwa imetia nanga. "Pale," akasema, "mizani ya samaki ilikuwa mbele ya duka, ule mti mkubwa ulikuwa nyuma, na njia ya kwenda gatini ilipita hapa hapa tumesimama." Mimi nilikuwa naona maji na magugu tu. Yeye alikuwa anaona soko.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta hiyo bichi, weekendi nyingi nikitoka Kisumu asubuhi na matatu ya Kendu Bay, na nimejifunza mambo ambayo ningependa mtu angeniambia mapema. Ndio nayaandika hapa kwa yeyote ambaye kwao ni ziwani, iwe Asembo, Usenge, Dunga, Homa Bay ama Port Victoria, na anataka kujua vitu vya zamani vilikuwa wapi kabla wale wanaokumbuka hawajaisha. Jina la bichi yetu sitalitaja kwa sababu mambo ya mashamba pale bado hayajatulia, na hilo pia nitalielezea huko mbele.

Hatua ya kwanza: jua maji yalikuwa wapi mwaka huo

Hii ndio hatua ambayo watu wengi wanairuka, mimi pia niliiruka, na ndio inaharibu kila kitu kinachofuata. Usitafute jengo, mti wala gati kabla hujajua ukingo wa ziwa ulikuwa wapi miaka ambayo hicho kitu kilikuwepo.

Nam Lolwe, yaani hili Ziwa Victoria, haikai mahali pamoja. Wazee wanakumbuka mvua ya Uhuru, ile iliyonyesha mwisho wa 1961, ikafanya ziwa lipande kama mita 2 na nusu kufikia 1964. Halafu likakaa juu, likaanza kushuka polepole na kupanda kidogo, likashuka tena, mpaka 2006 likawa chini kuliko lilivyokuwa kwa miaka kama 80, kwa sababu ya ukame na pia maji mengi kuachiliwa kule Jinja kwenye mabwawa ya umeme. Alafu mvua za 2019 na 2020 zikaja na kufikia Mei 2020 ziwa likawa limerudi kimo cha 1964, ile wakati Dunga na bichi nyingine nyingi zilifunikwa na maji, na watu wa Budalangi wakahama tena. Kutoka kile kimo cha chini cha 2006 hadi kile cha juu cha 2020 ni karibu mita 3.

Mita 3 unaweza kusema ni kidogo, ni urefu wa ukuta wa nyumba tu. Lakini fikiria venye ufuo wetu umelala. Kama ardhi inateremka mita 1 kwa kila mita 100 unazotembea, maji yakipanda mita 3 yanaingia ndani mita 300. Hizo ni viwanja vitatu vya mpira vikifuatana. Upande wa Kano na mahali pengine pa ghuba ardhi imelala kuliko hapo, kwa hivyo maji yanaingia mbali zaidi.

Kwa hivyo chukua daftari, chora mstari wa miaka, na uandike chini yake: kabla ya 1961 maji chini, 1964 juu, 2006 chini sana, 2020 juu. Kila hadithi utakayosikia uiweke kwenye huo mstari kwanza. Mtu akikuambia "gati ilikuwa hatua mia mbili kutoka kwa kanisa", hiyo unaweza kutumia kwa sababu kanisa halijasonga. Akikuambia "duka lilikuwa karibu na maji", muulize maji ya mwaka gani.

Mimi nilikosea hapo. Mzee mmoja aliniambia mahali pa kuanikia samaki palikuwa kama hatua mia moja na hamsini kutoka majini, nikaenda nikapima kutoka ukingo wa leo kuelekea nchi kavu, nikaishia kwenye shamba la sukumawiki la mtu na nikaanza kuchokora ardhi bila kumuuliza mwenyewe. Alikasirika, na alikuwa na haki. Ilibidi nirudi na mjomba wangu kuomba msamaha. Na baadaye nikagundua mzee alikuwa anaongea juu ya miaka ya 1950, kwa hivyo mahali penyewe sasa pako chini ya maji, nilikuwa nimetafuta upande wa pili kabisa.

Kuna jambo moja lilinifurahisha sana nilipolielewa. Kimo cha ziwa cha 2005 na 2006 hakikuwa mbali na vile ziwa lilivyokuwa kabla ya mvua ya Uhuru, lilikuwa chini kidogo tu. Maana yake ni kwamba picha za satelaiti za 2005 na 2006 zinakuonyesha ufuo unaofanana na ule nyanya yako alioujua akiwa msichana. Hiyo tutairudia.

Kupata mwaka kutoka kwa mtu ambaye hahesabu miaka

Wazee wengi hawatakuambia "1958". Watakuambia nilikuwa nimeolewa, mtoto wangu wa pili alikuwa anatambaa. Kwa hivyo unahitaji vigingi vya kufunga hadithi. Vya kwetu ninavyotumia ni hivi: mvua ya Uhuru (1961), Uhuru wenyewe (1963), mwaka Tom Mboya aliuawa (Julai 1969, na kwa watu wa ziwani hiyo haisahauliki, amezikwa Rusinga), mwaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na meli zikapungua (1977), jaribio la mapinduzi (Agosti 1982), ukame wa 1984, miaka ya mbuta (sangara) kujaa kwenye nyavu (miaka ya 1980), na miaka ya magugu maji kufunga ghuba (mwisho wa miaka ya 1990). Unauliza tu: mti ulikuwa bado umesimama Mboya alipouawa? Na mbuta zilipoanza kuwa nyingi, mizani bado ilikuwa pale ama ilikuwa imeshahamishwa? Mtu akijibu mara nne hivi unapata miaka kumi ambayo kitu kiliondoka, na hiyo inatosha kabisa.

Hata samaki wenyewe ni kalenda. Ukisikia bibi anasema walikuwa wakianika ngege na ningu kwa wingi pale, anaongea juu ya kabla ya mbuta kutawala. Mama karanga, yule mama anayekaanga mgongo wazi (mifupa ya mbuta iliyotolewa minofu), ni habari ya juzi, baada ya viwanda vya minofu kuja.

Majina kabla ya ramani

Kabla hujafungua ramani yoyote, kusanya majina, yote, hata yale yanaonekana hayana maana. Jina la mahali mara nyingi ndilo limebaki baada ya kila kitu kuondoka. Pale Kisumu kila mtu anajua Lwang'ni, vibanda vya samaki vilivyokuwa karibu na bandari mpaka vikabomolewa wakati bandari inakarabatiwa. Lwang'ni kwa Dholuo ni nzi. Sasa mtu wa miaka hamsini ijayo akikuta hilo jina kwenye risiti ama kwenye picha, jina peke yake litamwambia palikuwa na mizoga ya samaki na magamba. Kisumu yenyewe wengi wanasema inatokana na neno la kwenda kubadilishana chakula. Gunda ni boma lililohamwa, kwa hivyo ukisikia sehemu inaitwa gunda ya fulani, palikuwa na watu hapo hata kama leo ni malisho ya ng'ombe.

Halafu kuna majina ya serikali ya kikoloni ambayo bila kuyajua hutapata kitu kwenye kumbukumbu. Ghuba ya Winam kwenye ramani za zamani ni Kavirondo Gulf. Kisumu ilikuwa Port Florence wakati reli inafika tarehe 20 Disemba 1901, jina la Florence Preston, mke wa injinia wa reli. Kabla ya 1902 eneo lote hili lilihesabiwa Uganda, si Kenya, kwa hivyo karatasi za miaka hiyo ziko kwa majina ya Uganda. Wilaya ziliitwa Central Kavirondo na South Kavirondo, baadaye Central Nyanza na South Nyanza. Ukitafuta "Homa Bay County" kwenye faili ya 1935 utarudi nyumbani mikono mitupu.

Na neno moja linaloweza kukupoteza: stima. Dani akisema "stima ilikuwa inakuja jioni" usifikirie umeme. Watu wa umri wake wanamaanisha meli, zile za mvuke zilizokuwa zinazunguka ghuba. Nilikuwa nimeandika kwenye daftari langu kwamba bichi yetu ilipata umeme miaka ya 1940. Nilikuja kuelewa baadaye sana nikafuta.

Kuongea na watu wa bichi

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndio kazi yenyewe.

Ukifika bichi yoyote, kwanza nenda kwa viongozi wa BMU, hizi kamati za bichi ziko kisheria tangu kanuni za 2007, na mwenyekiti wake asipojua uko pale hakuna mtu atakuongelesha vizuri. Salimu, kaa, sema wewe ni mtoto wa nani na kwenu ni wapi. Usitoe simu kupiga picha. Usishike kifaa chochote kinachofanana na cha sorovea. Watu wa ufuoni wameona wageni wengi wakija na ramani na baada ya hapo viwanja vinapata hati za watu wasiojulikana, kwa hivyo hofu yao ni ya kweli na inabidi uiheshimu. Mimi nasema hivi: "Jaduong', mimi ni mjukuu wa fulani, natafuta mahali nyanya yangu alikuwa anauzia samaki. Sitafuti mpaka wa shamba la mtu yeyote." Na nikisema hivyo natimiza. Mipaka ya mashamba siandiki, hata nikiambiwa. Ndio sababu pia siandiki jina la bichi.

Halafu uulize watu tofauti kwa vitu tofauti. Wavuvi wanajua vitu kutoka majini: vilima, miti mirefu, paa la kanisa. Akina mama wa samaki wanajua nchi kavu: nani aliuza wapi, njia ya kwenda sokoni ilipita wapi, kivuli kilikuwa wapi saa sita mchana. Watu waliofanya kazi ya kupakia mizigo gatini wanajua mawe na vyuma. Mimi nilipoteza miezi nikiuliza wanaume tu, kwa sababu ndio wanakaa kwenye kibao cha BMU. Siku nilipokaa na akina mama watatu wanaosafisha omena ndio nilipata duka, mizani na mti kwa saa moja, wakibishana wenyewe kwa wenyewe na mimi nikiandika tu.

Usiwakalishe chini kama kortini. Tembea nao. Mguu unakumbuka, mtu akifika mahali njia ilikuwa inapinda mara anasema "ngoja, hapa palikuwa na mteremko". Na usitaje jibu kwenye swali. Ukiuliza "gati ilikuwa hapa, sivyo?" mzee wa heshima zake atakubali ili asikuaibishe, na utakuwa umeandika uongo wako mwenyewe.

Kumbuka soda na kitu cha mfukoni, na kama mtu ni mzee sana nenda asubuhi. Rekodi sauti ukiruhusiwa tu.

Mistari ya wavuvi (hii ni dhahabu)

Wavuvi wa zamani hawakuwa na GPS. Walikuwa wanajua mahali pa kutega kwa kulinganisha vitu viwili vya nchi kavu: ukiona ule mti umekaa kwenye bega la mlima Homa, na upande mwingine paa la kanisa limefunika lile jiwe, basi umefika. Watoto wao wengi bado wanaijua hiyo mistari hata kama mti ulishaanguka miaka arobaini iliyopita. Sasa wewe unaweza kuigeuza. Badala ya kutumia mti kutafuta mahali pa samaki, unatumia mahali pa samaki kutafuta mti.

Inafanyika hivi. Panda mtumbwi na mvuvi anayejua, mwende mpaka mahali anaposema mti ulionekana umekaa begani mwa mlima. Simama hapo, chukua dira ya simu, pima uelekeo wa lile bega la mlima. Mti lazima ulikuwa kwenye huo mstari, mahali fulani kati yako na mlima. Weka alama ya GPS ya mahali ulipo na uandike nyuzi za dira. Halafu mwende mahali pengine ambapo huo huo mti ulilingana na kitu kingine, fanya tena. Nyumbani chora mistari miwili kwenye ramani. Pale inapokatana ndipo mti ulisimama. Ukipata mstari wa tatu ni bora zaidi, kwa sababu mistari mitatu haikatani kamili, inatengeneza kapembetatu kadogo, na ukubwa wa hiyo pembetatu unakuambia umekosea kiasi gani. Ya kwetu ilikuwa na upana wa kama mita 40. Kwa mti ambao hakuna mtu chini ya miaka sitini aliuona, mita 40 nilifurahi sana.

Dira ya simu inadanganyika karibu na chuma, kwa hivyo kaa mbali na injini, na kabla ya kupima izungushe simu hewani kama unachora nane. Nenda asubuhi mapema, kwa sababu mchana upepo wa ziwa unaamka na mawimbi yanakuwa mabaya. Vaa laifu jaketi hata kama wenyeji hawavai. Usiingie majini kwa miguu mitupu, kichocho kiko ghuba nzima, na jioni viboko wanatoka kula kwa hivyo saa kumi na moja uwe umeshaondoka kwenye mafunjo.

Ramani na picha

Ukishakuwa na majina, miaka na mistari, sasa ramani zina maana. Ukianza nazo zitakuchanganya.

Cha bure kabisa ni Google Earth ya kompyuta. Ina kitufe cha saa cha kurudisha picha nyuma. Nenda kwenye bichi yenu urudi mpaka karibu na 2005 au 2006 uone kama kuna picha safi. Maji yakiwa chini unaweza kuona mstari wa njia ya zamani, msingi, rangi tofauti ya udongo. Zile za nyuma zaidi ya hapo ni za satelaiti za Landsat, zinaanza 1972, lakini kila nukta yake ni mita 30 au zaidi kwa hivyo zinakusaidia kuona ufuo tu, nyumba hutaona. Tangu 2008 ni za bure. Pia kuna picha za satelaiti za kijasusi za Marekani za miaka ya 1960 hadi 1972 zinazoitwa CORONA, zilifunguliwa kwa umma 1995, unazitafuta kwenye tovuti ya EarthExplorer ya USGS, idara ya jiolojia ya Marekani. Angalia kama eneo lenu limo na kama mawingu hayakufunika. Ukibahatika kupata moja ya miaka ya 1960 utaona ziwa likiwa juu vile wazee wanasema.

Ramani za karatasi ziko kwa Survey of Kenya pale Ruaraka, Nairobi. Unachotaka ni zile za skeli ya 1:50,000, na uangalie pembeni mwaka wa picha za ndege zilizotumika kuichora, si mwaka wa kuchapishwa, kwa sababu ufuo uliochorwa ni wa mwaka wa picha. Halafu kuna mtego: hizo ramani zinatumia kipimo kinachoitwa Arc 1960 na simu yako inatumia WGS84. Ukisoma namba kwenye ramani ukazipiga kwenye simu moja kwa moja utakuwa umekosea kama mita 300 kaskazini ama kusini. Mita 300 kwenye bichi ni tofauti ya sokoni na katikati ya ziwa. Programu nyingi za ramani zinakubadilishia, chagua tu Arc 1960 wakati wa kuingiza.

Kama unataka kulaza ramani ya zamani juu ya picha ya leo, ilinganishe kwa vitu visivyosonga: kilele cha kilima, njia panda ya barabara kuu, kona ya reli kama uko Kisumu. Usiilinganishe kwa ufuo kamwe. Nimeona watu wakivuta ramani ya 1950 mpaka ufuo ukae juu ya ufuo wa leo halafu wanashangaa mbona kanisa limeingia kwenye shamba la miwa.

Karatasi za serikali ziko Kenya National Archives, Moi Avenue Nairobi, na wana kituo cha kumbukumbu hapa Kisumu pia. Omba ripoti za mwaka za wilaya na za mkoa wa Nyanza, na faili za vituo vya biashara, maana maduka ya Wahindi yalikuwa kwenye viwanja vilivyopimwa na kulipiwa. Kenya Gazette nayo inaanza 1899 na matoleo mengi yako kwenye intaneti, mule kuna matangazo ya viwanja, leseni na mipaka ya miji. Kuhusu meli, tafuta chini ya East African Railways and Harbours, ndio waliendesha kuanzia 1948. Meli kama MV Victoria ya 1961 na zile za reli, Umoja na Uhuru, za miaka ya 1960, zinajulikana vizuri. Gati ndogo ndogo ndizo zinakuwa mstari mmoja tu kwenye jedwali, na ule mstari mmoja wakati mwingine ndio unakuthibitishia dani hakuota.

Picha za familia usizidharau. Mtu amesimama na suti kando ya mtumbwi mwaka wa 1967, wewe usiangalie suti, angalia nyuma yake.

Kwenda pale penyewe

Ziwa kawaida linakuwa juu Mei na Juni baada ya masika, na chini kuelekea Septemba na Oktoba. Nenda hiyo miezi ya chini.

Unatafuta vitu vya kawaida kabisa. Ojuok, ule mnyaa wa ua, ukiona umejipanga mstari mahali hakuna boma, kulikuwa na boma. Mkonge uliojipanga hivyo hivyo ni mpaka. Ng'owo (mkuyu) mkubwa peke yake karibu na maji, uliza, mara nyingi watu walikutana chini yake. Saruji yenye kokoto za mviringo za ziwani, vipande vya vigae, chupa nene za kijani, vyuma vya reli vilivyosimama majini kama vigingi vya gati. Piga picha na kitu cha kuonyesha ukubwa, weka alama ya GPS, kisha uache pale pale. Sheria ya makumbusho ya 2006 inalinda vitu vya kale, na hata kama isingekuwepo, kile kipande cha chupa kina maana kwa sababu ya mahali kilipo. Ukikipeleka kwako kwenye kabati ni chupa iliyovunjika tu. Ukikutana na kitu kikubwa, wapigie watu wa makumbusho ya Kisumu.

Na usitupe hadithi kwa sababu haina ushahidi. Karibu na Kendu Bay kuna Simbi Nyaima, lile ziwa dogo la chumvi ambalo wazee wanasema lilikuwa kijiji kilichozama kwa sababu watu walikuwa kwenye karamu wakamfukuza bibi kizee aliyekuja kuomba, ila mwanamke mmoja tu akamhurumia. Wataalamu watakuambia ni shimo la volkeno na wako sawa. Lakini watu ambao wamekuwa wakisimulia vizazi vingi kwamba maji yanaweza kumeza soko likiwa limejaa ni watu waliowahi kuishi karibu na maji yanayopanda. Mimi hadithi kama hiyo naiandika kwenye ukurasa wake, kando na ramani.

Kuweka alama na kurudisha

Kwenye ramani yangu nina rangi tatu. Kijani ni kitu nilichokiona mwenyewe au watu watatu niliowauliza kila mmoja peke yake wamenionyesha mahali pamoja. Manjano ni watu wawili, au mtu mmoja na karatasi. Nyekundu ni mtu mmoja tu. Sifuti nyekundu, naacha hapo mpaka apatikane wa pili. Na kila alama ina mwaka na neno "maji juu" au "maji chini".

Halafu irudishe. Hii usiruke. Mwaka jana nilichapisha ramani kwenye karatasi kubwa pale Kisumu, nikaifunika na plastiki, nikaomba BMU tuitundike kwenye banda la kupimia samaki, bila mashamba ya watu, ni alama tu za zamani na ufuo wa miaka mitatu tofauti kwa rangi. Kabla sijamaliza kugonga msumari watu walikuwa wameshajaa. Mvuvi mmoja wa miaka themanini hivi akasema mizani iko sawa ila mti uko mbali sana mashariki. Mwingine akasema hapana. Wakamwita dani, akaletwa na bodaboda, akasimama mbele ya ile karatasi muda mrefu bila kusema, akiweka kidole kwenye duka, kisha kwenye mizani, kisha akauliza gati ni ipi. Nikamwonyesha. Akachukua kalamu kwa mkono wa mvuvi akachora kakitu kadogo katikati ya duka na gati, mahali mimi sikuwa na alama yoyote.

"Hapa palikuwa na jiwe," akasema. "Tulikuwa tunakaa hapo kungojea stima."